Opera Iliyomuua Shangazi

Jumatatu, 1 Agosti 1994
Baridi ya Sumbawanga haina adabu. Nimenunua koti la mtumba kwa Hamida, pale sokoni. Mfukoni nimekuta kaseti! Hamida hajui. Niliondoka kwa mwendo wa mtu anayewahi chooni. Juu imeandikwa OPERA. Nikajua ni kifupisho cha operesheni. Nimeazima redio ya Masunga, mpangaji wa chumba cha pili, Msukuma mwenye ng'ombe wake bondeni. Dakika ya pili tu, mwanamke kapiga ukelele. Naam, wamempasua bila ganzi. Nimezima. Masunga kasema hata ng'ombe hatendewi hivyo.

Jumanne, 2 Agosti
Nimemuuliza Mwalimu Cornelia. Kacheka mpaka kashika ukuta. Kumbe opera ni mchezo wa kuigiza, ila Wazungu wanaimba badala ya kusema. Wakubwa huvaa suti kwenda kusikiliza. Suti! Papo hapo mpango ukazaliwa. Jumapili hii Otilia, fundi cherehani wa Kizwite, ameahidi kutupa jibu la posa, mimi na Baltazari, mwalimu wa kwaya. Baltazari ana kinanda. Mimi nina miaka thelathini na minane na koti. Nikimkosa Otilia sioi tena, naapa. Kuanzia leo mimi ni mtu wa opera.

Alhamisi, 4 Agosti
Nasikiliza kwa bidii. Si kazi rahisi. Mwanamume mmoja kachomwa kisu (nahisi) na bado anaimba dakika kumi. Kwetu Laela mtu akichomwa kisu anaanguka, basi. Mara ya tatu yule mama kashusha sauti polepole, kama anayemlaza mtoto. Nikajikuta nimesimama katikati ya chumba, kikombe mkononi, chai imepoa. Ilinigusa. Nimekasirika sana. Masunga kaniuliza macho yana nini, nikasingizia moshi wa mkaa.

Ijumaa, 5 Agosti
Kila Ijumaa Otilia hupita hapa Izia akitoka sokoni. Nikafungua dirisha, sauti mpaka mwisho. Yule mama kapiga ukelele wake mkubwa. Otilia hajatokea, wametokea majirani! Khanga viunoni, kuni vichwani, ndoo za maji. Mama Kristiana kajitupa chini uani, analia kuishinda kaseti. Nikazima haraka. Wakauliza nani katutoka. Ningesema nini? Kwamba nimewaliza watu wazima kwa redio ya kuazima? Nikasema shangazi. Shangazi Fransiska wa Laela. Mungu anisamehe, ndiye alikuwa wa kwanza kunijia kichwani. Na hapo Otilia kaingia! Kanishika mkono, kanipa pole, kabaki kusonga ugali. Opera inafanya kazi.

Jumamosi, 6 Agosti
Msiba unanoga. Otilia kaniletea uji kwa mkono wake mwenyewe. Kasema mwanamume anayemlilia shangazi yake hivi, hawezi kumtupa mkewe. Nikaongeza kilio. Baltazari kaja na kwaya nzima kumwimbia marehemu, na nilimwonea huruma kidogo. Ila ni msumbufu. Anauliza maziko lini, mbona tumekaa tu. Nikamjibu kwa huzuni kwamba tatizo ni usafiri, ndugu yangu. Nilidhani nimemziba mdomo. Mchana karudi anatabasamu: Bashiri wa malori katoa lori bure. Kesho, baada ya misa ya kwanza, waombolezaji wote.

Jumapili, 7 Agosti
Nimejaribu kuumwa tumbo. Wakanifunika blanketi, wakanipakia wa kwanza. Njia nzima kwaya inaimba. Laela, kwenye kituo cha basi, dereva kasimama aulize njia. Mama aliyeulizwa alikuwa anapepeta maharage. Shangazi Fransiska! Mnene, mzima, mashavu yanang'aa. Kwaya ikakatika katikati ya ubeti. Shangazi kauliza kafa nani, mbona hajaletewa taarifa, na huku anajifunga khanga kiunoni tayari kulia. Mama Kristiana akamwambia ni yeye.

Ikabidi nitoe kaseti, nieleze yote, hata habari za kisu. Shangazi kanipiga kwa ungo. Hilo si kitu. Otilia kanitazama kwa utulivu, akasema, "Gaudensi, bora hata huyo bwana wa kisu kwenye kaseti, yeye anakufa kweli." Kisha akapanda mbele kwa dereva, pamoja na Baltazari. Kifua kimeniuma mpaka nyumbani, na si baridi.

Jumatatu, 15 Agosti
Jana ndoa ilitangazwa kanisani. Otilia na Baltazari. Sijala tangu hapo. Nimeisikiliza kaseti mara nne kutafuta nilipokosea, na nimepapata! Nilimuua asiyehusika. Kwenye opera hafi shangazi. Anakufa mpenzi mwenyewe, ndipo bibi anajuta na kulia kwa sauti nzuri. Basi Jumamosi nakufa mimi. Nitalala chini ya shuka, Masunga atapiga ukelele, Otilia atakuja mbio, nami nitasikia kila neno. Masunga hajakataa. Anataka tu kujua nitafufuka saa ngapi, maana ana safari ya bondeni. Nimemwambia saa kumi, baada ya ugali.