Wanga wa Kola

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu wa Biolojia kasafiri hadi wiki ijayo. Mimi, mhudumu wa maabara, kibarua mwaka wa sita huu, nimeachiwa makopo mawili ya miche ya maharage. Moja likae dirishani, jingine kabatini gizani. Ijumaa mkaguzi anakuja kutazama wanafunzi wakipima majani. Jaribio likienda sawa, naajiriwa. Mke wangu ameshautangazia ukoo mzima!

Dirishani nimeanika shati la siku hiyo. Makopo yote nimeyaweka kabatini kwa muda.

Jumatano, 5 Machi
Nimeyasahau! Nimechuma jani kila kopo, nikachemsha mpaka yakapauka, nikadondoshea iodini. Penye wanga hugeuka nyeusi. Yote mawili rangi ya chai.

Nimesoma daftari la Mwalimu, mara ya kwanza. Kumbe jani hutumia mwanga, maji na hewa kupika sukari, na ya ziada huihifadhi kama wanga. Gizani halipiki, lakini seli hazipumziki: zinaichoma ile sukari kwa oksijeni ili zipate nguvu. Yaani miche imemaliza kiporo chote.

Mtunza stoo, ambaye ni shemeji yangu na anaitaka nafasi hii hii, akasema niweke kopo moja juani kesho, asubuhi moja yatosha. Ushauri wa bure, kutoka kwake! Mtego mtupu. Kabati nimelifunga, ufunguo ninao.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepata! Kinachotakiwa ni wanga. Mke wangu anao pakiti nzima, wa kukazia nguo. Akauliza ni wa nini. Nikasema kola, nikampa lile shati la dirishani. Alifurahi, akalikaza shati langu mpaka shingo haigeuki.

Ijumaa, 7 Machi
Anayechemsha majani ni mimi. Jani la "dirishani" nikalipaka wanga kwa vidole. La kabatini nikalishika kwa vidole hivyo hivyo.

Iodini. La kwanza jeusi tii! Nikatabasamu. La pili jeusi tii. Binti wa dawati la mbele akaandika kwamba mmea hupika vizuri zaidi gizani.

Mkaguzi akaiomba chupa ya iodini. Nikaivuta, ikanirukia. Kola nzima nyeusi. Akaitazama sana, kisha akauliza kama nayo ilikaa dirishani. Nikajibu ndiyo, tangu Jumatatu hadi jana. Ndilo jibu pekee la kweli nililotoa leo.

Jumatatu, 10 Machi
Shemeji kaajiriwa. Mimi nimepewa barua: nimebakiziwa miezi mitatu. Mke wangu hajanisemesha tangu Ijumaa, na hilo limeniuma kuliko barua yenyewe.

Nimejichunguza bila upendeleo. Kosa nimeliona: wanga ulikuwa mzito mno.

Mwalimu amerudi, amenipa nafasi ya mwisho. Niweke majani ya majini kwenye jagi la kioo, juani, wanafunzi waone yakitoa viputo vya oksijeni. Kasema jua litafanya kazi yote, mimi nisiguse kitu.

Jua! Nimwachie jua ajira yangu?

Nimenunua soda nyeupe, chupa mbili.