Nailoni Juu ya Viti

Jumatatu, 4 Machi

Leo kikao cha familia. Ajenda moja: gari. Mke wangu ametangaza kwamba akiba yetu sasa inatosha. Anataka gari liwe nje ya nyumba kabla wiki haijaisha, maana Jumatatu ijayo mama yake ana miadi kwenye kliniki ya macho na amechoka kuomba lifti za watu. Uamuzi ananiachia mimi. Nilikaa wima. Tangu nilipoleta tenki la maji likashindwa kupita getini, sijawahi kuachiwa uamuzi unaozidi balbu.

Akaongeza sharti. Nikiharibu na hili, kuanzia hapo kila kitakachonunuliwa katika nyumba hii atashauriwa kaka yake. Kaka yake! Yaani shemeji yangu, ambaye ukoo mzima unamwita Mkurugenzi, na hakuna anachokiongoza zaidi ya duka la vigae.

Mke wangu anataka mtumba uliotunzwa, wa mtu anayejulikana. Mwalimu mkuu mstaafu wa mtaa wa pili anauza lake la kijivu kwa sababu anahamia kwa mwanawe. Mimi nataka jipya. Sababu zangu ni za kitaalamu. (Shemeji ananunua jipya, mimi nichukue mtumba? Haiwezekani.)

Lile la shemeji lina miezi kadhaa sasa na bado hajatoa nailoni kwenye viti. Ukikaa linapiga kelele kama mtu anayefungua pipi msibani. Jana alilileta hapa. Mama mkwe akaingia, akanusa, akasema linanukia kama benki. Kisha akamwambia, "Umefanya vizuri, mwanangu." Mimi nimeoa hapa miaka kumi na moja na mpaka leo naitwa "huyu bwana". Nakiri iliniuma.

Na huyohuyo mwaka jana alikuwa na Kobe! Gari lake la zamani, rangi ya maharage, lililochemka kwenye kila mlima. Tabia za Kobe tulizijua wote. Mlango wa nyuma kushoto, kwa mfano, haukukitii kitasa. Mama mkwe aliugeuzia mgongo, akaupiga kumbo la nyonga, ukafunguka. Nilikuwa nacheka mpaka natoka machozi. Alipomuuza Kobe nilimsikitikia kwa muda mfupi sana.

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda duka la magari mapya baada ya kazi. Suti ya harusi. Inabana kidogo mbele, lakini ukivuta pumzi ndani haionekani.

Muuzaji aliniita mheshimiwa. Hatimaye mtu mwenye macho! Masijala ninakokaimu unaibu msimamizi tangu mwaka juzi hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Nikaletewa kahawa. Nikakaa ndani ya gari jeusi, nikabonyeza kila kilichobonyezeka. Nikamwona mama mkwe pembeni yangu akinusa. Nikapiga honi kwa furaha na mama mmoja aliyekuwa anafuta vioo akaangusha ndoo.

Kisha nikauliza bei. Muuzaji aliiandika kwenye karatasi, akanigeuzia polepole. Nilidhani ni namba yake ya simu. Nikamtajia tulicho nacho. Akatafakari kwa heshima zote, halafu akachukua kikombe changu cha kahawa, na nilikuwa sijamaliza.

Nimerudi na kishikio cha funguo, zawadi ya duka. Gari bado, lakini pa kuning'iniza ufunguo ninapo. Huo ni mwanzo.

Jumatano, 6 Machi

Mke wangu amesema basi, twende kwa mwalimu. Nikamwambia atangulize chakula cha watoto, mimi nitakwenda kulikagua kwanza kiume.

Nimelikagua. Gari zuri. Hilo ndilo tatizo lake! Injini haisikiki, viti havijachanika, kila kitu kinafunguka na kufungwa. Lakini ni la kijivu na mtaa mzima unajua ni la mwalimu. Hata nilipake dhahabu, watu wataendelea kulisalimia shikamoo. Na shemeji atasema "hongera" kwa ile sauti yake ya kumpongeza mtoto aliyevaa viatu mwenyewe.

Nikafikiri haraka. Nikamwambia mwalimu kwamba mke wangu ameghairi. Mambo ya wanawake, nikasema, leo hivi kesho vile. Mzee alisikitika kweli. Alisema alitamani watoto wetu ndio walipande. Akanipa salamu nyingi za mke wangu. Nilizipokea nikitazama matairi. Mfamasia wa kwenye kona alikuwa anasubiri zamu yake kama fisi. Alilipa jioni hiyohiyo.

Nyumbani nikasema mwalimu keshauza. Jambo ambalo kufikia saa hiyo lilikuwa kweli tupu. Mke wangu aliendelea kukunja nguo. Sikupenda alivyokuwa anazikunja.

Alhamisi, 7 Machi

Tathmini ya hali: jipya hatuliwezi, mtumba nimeufukuza mwenyewe. Mtu mwingine angekata tamaa.

Mpango ulinijia kazini, nikiwa nabandika lebo mpya kwenye majalada ya zamani. Lebo mpya! Jalada limechoka, limeliwa na panya, lakini ukilibandika lebo mpya mkuu analipokea kwa mikono miwili. Nani kasema gari ni tofauti? Nitanunua mtumba wa bei poa, nitaupaka rangi, nitauvalisha nailoni. Nitasema ni jipya, nimepata punguzo la watumishi. Mke atafurahi, mama mkwe atanusa, shemeji atanywea.

Mchana nimekutana na dalali anayeitwa Kinyonga. Huvaa miwani ya jua hata kivulini. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Gari aliloniletea halikujitembeza hata kidogo, vijana wanne walilisukuma. Betri imelala tu, alisema Kinyonga. Nilipenda lugha yake.

Lilikuwa limekwanguliwa rangi yote, tayari kwa kupakwa mpya. Nikaona hiyo ni ishara. Nikauliza la nani. Kinyonga akavua miwani, jambo ambalo naambiwa hulifanya mara chache. Akasema lilikuwa la mfanyabiashara mmoja makini, aliyeliuza huku analia. Mlango wa nyuma kushoto haufunguki, na Kinyonga akaeleza kwamba umefungwa kwa usalama wa watoto. Hata watengenezaji wa jipya sidhani kama waliwaza hilo. Nimelipa.

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya kazi. Nimeomba ruhusa ofisini kwa sababu za jino.

Rangi: nyeupe pe. Mpuliza rangi alinionya nisiliegemee. Niliegemea kidogo tu, nikiwa natafakari. Suruali imekwenda.

Nailoni: nimeipata duka la magodoro, mita za kutosha na kubaki. Ina maandishi makubwa ya buluu, USINGIZI WA KIFALME, lakini nimeigeuza ndani nje. Sasa maandishi yanasomeka kinyumenyume, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayesoma kiti kinyumenyume.

Harufu: hapa ndipo kipaji kilipofanya kazi. Nimechukua viatu vipya vya shule vya watoto, nikavipanga ndani maboksi yakiwa wazi, nikafunga vioo vyote. Baada ya saa chache gari lilinukia upya mpaka kichwa kikauma.

Nimeliegesha nyuma ya ofisi chini ya shuka. Watoto wanalalamika nyumbani kwamba viatu vyao vimepotea. Nimewaambia wavumilie, baba ana jambo.

Jumamosi, 9 Machi

Nimemwalika shemeji chakula cha mchana kesho. Nimemsisitizia aje na macho yake.

Nimefanya mazoezi ya hotuba bafuni. Inaanza na "Wapendwa". Nimemwambia mke wangu nimepata jipya kwa punguzo. Ameuliza limegharimu kiasi gani, nikasema ni siri ya biashara. Akauliza biashara gani. Kisha akauliza kama mwalimu aliuza kabla sijafika kwake au baada. Nikamwambia ni swali zuri sana, nikatoka kumwagilia maua. Mvua ilikuwa inanyesha.

Jumapili, 10 Machi

Naandika nikiwa nimejifungia stoo.

Yalianza vizuri. Gari nililileta alfajiri kwa betri ya kuazima, nikalifunika shuka uani. Wote walipanga mstari barazani: mke wangu, watoto, shemeji, mama mkwe na mkoba wake. Majirani walijikuta wana kazi karibu na ua. Nikatoa hotuba, nikavuta shuka. Shuka lilikuwa limegandia rangi kwenye boneti, likatoka na kipande, lakini upande ule shemeji hakuwa anauona. Watoto wakapiga makofi, kisha wakaona viatu vyao. Mke wangu akafungua mlango wa mbele, akakiangalia kiti muda mrefu. Akasema taratibu, "Usingizi wa kifalme." Nilikuwa nimesahau kwamba ni fundi cherehani. Mtu aliyezoea kutazama kitambaa upande wa nyuma hashindwi na nailoni.

Nikasema ndilo jina la toleo. Nilijivunia jibu hilo.

Nikamkaribisha mama mkwe kiti cha mbele, cha heshima. Akakataa. Akasema mbele panamtia kizunguzungu, yeye amezoea nyuma kushoto. Nikamkimbilia kumweleza kuhusu usalama wa watoto. Hakunisikiliza. Wala hakugusa kitasa. Aligeuza mgongo, akakusanya nguo zake, akaupiga mlango kumbo moja la nyonga.

Ukafunguka.

Watoto waliviacha viatu. Hata majirani waliacha kufagia. Mama mkwe mwenyewe alishangaa, akautazama ule mlango, akaigusa nyonga yake. Halafu uso wake ukachanua. Akasema, kwa sauti ya upendo ambayo nimeisubiri miaka kumi na moja, "Mwanangu! Umerudi!"

Nilinyoosha mikono. Alikuwa analipapasa gari.

Shemeji alizunguka mara moja, akainama, akachungulia chini. Alipoinuka alikuwa ameuma midomo. Sitaki kuandika alivyocheka. Alikaa chini kabisa kwenye ngazi akashika mbavu. Lakini kicheko nakiweza. Kilichonimaliza ni kwamba baadaye aliacha, akanifuata, akaniambia kwa upole kuwa yeye alimuuza Kobe kama chuma chakavu, na kwamba jeki yake bado anayo, ataniletea bure. Bure! Bora angenitukana.

Walipoingia ndani kula, mke wangu alibaki. Hakupandisha sauti. Alisema, "Mwalimu alinipa pole sokoni jana, eti nimeghairi. Nikamwitikia. Nilikusitiri kabla hata sijajua nakusitiri nini."

Hotuba iliyoanza na "Wapendwa" haikuwa na kipande cha hili. Nikamwomba samahani. Akasema ameisikia, akaingia ndani. Kuanzia leo ununuzi wote ni wa kaka yake. Nimeona aibu, kweli kabisa, na naandika hapa ili nikumbuke: sitadanganya tena katika nyumba hii.

Jumatatu, 11 Machi

Siku ya kliniki. Shemeji alijitolea kumpeleka mama mkwe na lile lake la nailoni. Mama mkwe akakataa. Anasema ndani yake unateleza kama sabuni na hawezi kukaa sawasawa. Atakwenda na Kobe. Na huyu bwana ataendesha.

Nilifurahi kupita kiasi. Tulikwenda vizuri mpaka mlimani. Pale Kobe akachemka, kama ilivyo desturi yake, moshi ukafunika kioo chote. Nikatoka kupepea rejeta na koti. Ndipo lilipopita gari la kijivu, kimya kabisa, likasimama. Mfamasia! Akamsalimia mama mkwe, akamfungulia mlango kwa kitasa, wakaenda zao. Akiwa dirishani mama mkwe alinihimiza nimpe Kobe maji taratibu, asishtuke.

Nilisukuma. Rangi imebaki mikononi. Miadi hakuikosa. Jioni aliniambia mfamasia ni mtu mwema na gari lake halina kelele, na kwamba aliyeliacha gari kama lile hana akili. Mke wangu alinitazama, akamwongezea mama yake chai. Amenisitiri tena. Hilo lilinichoma kuliko moshi wa Kobe. Nitabadilika. Nimeshabadilika.

Alhamisi, 14 Machi

Friji yetu imekufa. Mke wangu amesema kaka yake atashughulikia Jumamosi, na mimi nisijihusishe kwa namna yoyote. Nimekubali kwa moyo mkunjufu. Mtu aliyejifunza hutambulika kwa utulivu wake.

Isipokuwa leo, kwa bahati tu, nilikuwa napita njia ya mbali kidogo na nyumbani nikakutana na Kinyonga. Ana friji. Ya mama mmoja makini, aliyeiuza huku analia. Mlango wake haufungi vizuri, lakini ameeleza kwamba ni kwa ajili ya hewa.

Nyeupe pe inaendana na jiko letu. Na ile nailoni, nimekwenda stoo kuipima, inatosha.