Mkuyu wa Sahani

Jumatatu, 3 Februari 1969

Mama Jayanti ameondoka na basi la asubuhi kwenda Dodoma kumwoza binti yake Urmila. Wiki tatu. Duka la vitambaa amemwachia mwanawe, Jayantilal. Mti ameniachia mimi, fundi wa barazani.

Si mti wa kukaa chini yake. Ni mkuyu, ila umo ndani ya sahani ya udongo. Urefu inchi kumi na moja. Nimeupima kwa futi. Umri wake miaka thelathini na mmoja, sawa na Jayantilal, na miaka yote hiyo mama yake amekuwa akiupunguza usikue. Kwetu Mtinko mkuyu wa umri huo unalaza ng'ombe kivulini. Huu ungemtosha panzi.

Masharti: maji kila asubuhi, jua la asubuhi tu, mkasi wangu usiusogelee. Akasema, "Fundi Mathayo, nikirudi nikute umeharibika, baraza hii anakaa Andrea."

Andrea naye ni fundi. Cherehani yake iko ng'ambo ya barabara, juani, mbele ya duka la chumvi. Miaka minne anaitazama baraza yangu kama mtu anayetazama sahani ya mwenzake. Aliposikia masharti akatabasamu, akaninunulia chai. Chai nimekunywa. Tabasamu nimeliweka kumbukumbu.

Jumanne, 4 Februari

Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Stefano, kapita na daftari. Ifikapo Jumamosi kila kaya ioneshe miti kumi. Asiyekuwa nayo atakwenda kulima karanga shamba la Ujamaa, Jumamosi mbili mfululizo. Andrea keshapanda mijohoro kumi, kwa mstari, na kila mmoja kauzungushia miiba. Mtu wa kujionesha tangu zamani.

Mimi kujenga nchi sikatai. Ila mgongo wangu umezoea cherehani.

Nikautazama mkuyu. Vitawi tele, vingine havina kazi. Kwetu kigingi cha mnyaa ukikichomeka kwenye boma wakati wa mvua, kinashika chenyewe, hakuna anayekibembeleza. Mnyaa una maziwa. Mkuyu una maziwa. Mambo ni yale yale.

Nimekata vitano, upande wa kulia. Mti ukawa kama suruali yenye mguu mmoja mfupi. Fundi yeyote anajua la kufanya: unafupisha mguu wa pili. Nikakata vitano kushoto. Kushoto kukazidi kuwa kufupi. Nikarudi kulia. Kulia nako kukapitiliza. Maziwa yakagandisha mkasi, nikavuta kwa mkono, tawi la chini la kushoto likachanika na ganda lake.

Kufikia saa sita mti una majani manne. Lakini pande zote ziko sawa. Hilo hakuna wa kunipinga.

Jayantilal hajui lolote. Bila miwani hatofautishi kanga na kitenge, na miwani anavaa akisoma barua tu.

Jumamosi, 8 Februari

Siku ya ukaguzi. Nilipanga makopo kumi ya samli mbele ya nyumba. Ndani udongo, na vipande vya kitambaa cha marekani vilivyoloweshwa, ubunifu wangu mwenyewe. Katikati ya kila kopo, kijiti kimoja cha mkuyu.

Nikamwamkia Mzee Stefano shikamoo. Akaitika marahaba, akainama, akauliza kama ile ni miti au mishikaki. Andrea, aliyemfuata bila kualikwa, akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema imebaki kutiwa nyama tu.

Nikawaeleza kuwa mti ni mizizi, majani ni mapambo. Mzee akasema vema, basi aione hiyo mizizi. Nikang'oa cha kwanza kwa kujiamini. Kisafi kama njiti ya kiberiti. Nikasema hicho ndicho mvivu. Nikang'oa cha pili. Mpaka cha kumi.

Nimeandikwa karanga.

Mke wangu Felista kaokota kimoja katika vile vilivyozidi makopo, kakichomeka kwenye chungu kibovu chini ya mtungi unaovuja. Nikamwambia hana utaalamu. Akanijibu kwa Kinyaturu, maneno ambayo kwa Kiswahili hayana adabu.

Jumatano, 12 Februari

Vijiti vyangu nimevirudisha makoponi. Kila asubuhi nang'oa kimoja kimoja, naangalia mizizi, narudisha. Felista kasema mgonjwa ukimwamsha kila mara kumuuliza kama kapona, hatapona. Anayepanda bila kufuatilia huyo anabahatisha.

Viwili vimekuwa vyeusi.

Yale majani manne ya mkuyu nayo yamedondoka. Mti umebaki kipara. Andrea anavuka barabara kila siku kutoa pole. Leo kauliza mazishi ni lini, na kama baraza inaingia maji upande wa mashariki. Nikamwambia apime kaburi lake kwanza.

Siondoki hapa. Mti wa inchi kumi na moja haunitoi barazani.

Jumatatu, 17 Februari

Juzi karanga. Mgongo hauelezeki. Kichwa lakini kinafanya kazi.

Nilikuwa na mabaki ya popelini ya kijani kutoka mashati ya vijana wa chama. Nimekata majani sitini na moja. Kila jani nimelipiga mshono katikati, ule mstari wa jani hasa, kisha nikalifunga mtini kwa uzi. Kulia thelathini, kushoto thelathini, moja kileleni. Mungu mwenyewe hapangi hivi.

Jayantilal alivaa miwani leo, barua ya Dodoma imefika. Akautazama mkuyu, akasema umenawiri, mama atafurahi, na kuanzia sasa maji atamwagia yeye. Andrea alisimama muda mrefu upande wake wa barabara. Nilimtumia chai.

Jumamosi, 22 Februari

Karanga tena. Kurudi, nakuta rangi imechuja. Jayantilal anamwagia kutoka juu, kwa birika. Sahani imekuwa ya kijani, majani yamekuwa ya kijivu, matatu yanachomoka nyuzi. Nimeyapiga upindo.

Vijiti kumi vyote vimekufa. Udongo mzembe.

Jumanne, 25 Februari

Mama Jayanti karudi. Alipokuwa anashuka kwenye basi, Andrea alikwishavusha cherehani yake na kuitua kwenye ngazi ya baraza. Kwa idhini ya nani, nikamuuliza. Akasema amekuja kupumzika tu.

Mama hakuvaa miwani. Alishika jani kwa vidole viwili, akalisugua. Akasema, "Popelini." Akasugua tena. "Ya dukani kwangu."

Nilitaka kueleza. Akainua mkono. Akaketi na sahani mapajani, akaanza kufungua nyuzi, moja baada ya moja. Kila jani alilikunja na kuliweka pembeni. Akina mama waliokuja kununua kanga wakasahau kanga. Chini ya majani yangu, kumbe, vinundu vyekundu vimeanza kutoka mtini. Nikasema, unaona, Mama, nilikuwa nauvalisha ujikinge na baridi.

Akasema mkuyu kupoteza majani si taabu, yeye mwenyewe huunyonyoa kila baada ya miaka miwili. Kisha akafika tawi la chini la kushoto. Kavu. Lile, akasema, alianza kulikunja kwa waya mwaka aliozaliwa Urmila. Akasema kwa sauti ndogo. Ningependelea anitukane.

Akauliza vilivyokatwa viko wapi. Amemwahidi Urmila kipande cha mti huu aanzie nyumba yake. Nikaanza habari za udongo. Andrea akakohoa, akavuta cherehani hatua moja ndani.

Hapo akatokea Felista na chungu chake kibovu. Nilikuwa nimekisahau. Kijiti kina majani mawili, ya kweli, na kwenye ufa wa chungu mzizi mweupe umechungulia nje. Mama akakipokea kwa mikono miwili. Akamwita Felista mwanangu. Kwangu mimi akauliza swali moja: huyu kakifanya nini? Felista akasema hakukifanya kitu, alikiacha.

Hukumu ikatoka. Kwamba upande mmoja nimeua, upande mwingine mke wangu kaotesha. Kwamba yeye amesikia mimi napenda vitu viwe sawa. Akaomba chaki yangu, akapiga mstari katikati ya baraza. Huku mimi. Kule Andrea.

Upande wa kivuli ni kule.

Alhamisi, 27 Februari

Sijashindwa. Mtu aliyeshindwa huondolewa, mimi nimepunguzwa. Na kile kijiti kilitokana na mkasi wangu. Bila mimi Felista angeotesha nini? Nimemweleza. Kaenda kuteka maji.

Andrea anaimba akishona. Wimbo mmoja tangu asubuhi. Kaniuliza kama jua linanifikia vizuri. Nimesema nalipenda.

Mkuyu unachipua, kulia zaidi kuliko kushoto. Hilo nimeliona, lakini mti sasa unalala ndani, chini ya kufuli.

Mchana, Andrea alipokwenda kula, nilipima baraza kwa futi. Upande wake umezidi wangu kwa inchi mbili. Nikaufuta mstari, nikausogeza. Kupima tena, wangu umezidi kwa tatu. Nikaurudisha kidogo, chaki ikakatika, akatokea mtu na suruali yake, nikaacha.

Kesho nitamalizia. Nimenunua chaki mpya, na mkasi nimeunoa.