Kila Mtu kwa Kadiri ya Cheo Chake

Wananchi wote wajue kwamba muhula wa shule hauishi tena ovyo ovyo, kengele ilie na watoto watimue mbio. Pengo hilo limezibwa. Kitengo cha Tafakari za Mwisho wa Muhula kimeundwa, kikapewa mkurugenzi, manaibu na viti vya kuzunguka, na shule ya kwanza kunufaika ilikuwa Shule ya Msingi ya Reli Juu, Kaloleni.

Mwalimu mkuu, Bi Muhonja, aliupokea mwongozo kwa mikono miwili. Ulisema kwamba siku ya kufunga shule kila mtu ataketi, afumbe macho na autafakari muhula. Hakuna atakayekula kabla ya kutafakari. Tena, kwa kuwa majukumu hayalingani, kila mtu atatafakari kwa kadiri ya cheo chake: mdogo kidogo, mkubwa sana. Kipengele hicho Mkurugenzi Nzomo alikiandika mwenyewe, baada ya kugundua kwamba rasimu ilimpa muda sawa na mtoto wa chekechea. Jambo hilo lilimuuma kwelikweli.

Bi Muhonja hakuwa na neno na tafakari. Kilichomnyima raha ni pilau. Siku ya kufunga, wazazi wa Kaloleni huchanga mchele na nyama, kwa sababu muhula mzima watoto hula githeri, yaani mahindi na maharagwe. Na desturi ni kwamba wageni hupakuliwa kwanza. Mwaka jana wageni walikuja msafara mzima, wakala, wakaongezwa, wakafungiwa ya kubeba. Watoto walikula wali uliokuwa na rangi ya nyama tu. Bi Muhonja aliona aibu siku hiyo, na aibu yenyewe ilikuwa haijamtoka.

Kavinya, mama aliyesimamia masufuria, alimvuta kando asubuhi.

"Madam, hao wakianza tena, mimi sipiki hapa mwakani. Nimechoka kudanganya watoto wa watu."

Bi Muhonja akamwambia asiwe na wasiwasi, afuate mwongozo tu: atakayemaliza kutafakari, ampakulie.

Msafara ulifika ukiwa umechelewa, kama inavyostahili. Nzomo alihutubia mpaka jua likahama upande. Kisha Bi Muhonja akashika kipaza sauti, akakisoma kile kipengele cha vyeo polepole, neno kwa neno. Watu walipiga makofi, Nzomo kuwashinda wote. Macho yakafumbwa.

Chekechea walitafakari kwa muda wa kupiga chafya. Mwalimu wao akauliza kama wamemaliza, wakaitikia kwa pamoja kwamba wamemaliza, wakapanga foleni. Gredi ya kwanza wakafuata, na kuendelea hadi ya sita. Kavinya alipakua kwa mkono mzito, na nyama ilionekana kwa macho. Bi Muhonja alipowaona watoto wakitafuna, moyo wake ulitulia.

Jukwaani harufu ya pilau iliwafikia viongozi wakiwa wamefumba macho, hali ambayo huzidisha harufu. Wa kwanza kuinuka alikuwa Maingi, dereva, aliyesema yeye ni dereva tu, yake amemaliza kitambo. Hakuna aliyembishia.

Kisha Bwana Opicho, naibu mkurugenzi, aliyekuwa amejitambulisha kwa vyeo vitatu, akakohoa.

"Kwa kweli mimi ni kaimu tu," akasema. "Hata barua ya kuthibitishwa sijapata."

Akashuka. Norah, mkuu wa itifaki, akakiri kwamba ana mkataba wa muda, na huo muda wenyewe ulishapita. Aliyebaki nyuma yake akasema yeye hasa alikuja kumsindikiza Norah. Wote wakajipanga nyuma ya gredi ya sita, kwa adabu nzuri sana.

Nzomo akafumbua jicho moja. Alimwona naibu wake akinyonya mfupa, na Kavinya akikwangua sufuria la mwisho. Njaa ilikuwa imemshika, lakini kuinuka ilikuwa ni kuitangazia Kaloleni nzima kwamba ofisi yake ni ndogo. Akamwita Bi Muhonja kwa ishara ya kidole.

"Mwalimu," akanong'ona, "kwa huu muundo mpya, mkurugenzi si yuko chini ya mwalimu mkuu kidogo?"

Bi Muhonja, ambaye alikuwa ametafakari, akala, na sasa anachokonoa meno, alimwinamia kwa heshima zote.

"Hapana, mheshimiwa. Hapa hakuna mkubwa kukushinda."

Nzomo akamshukuru, akafumba jicho lake tena.