Neno la Mwisho la Yeneta

Jumatatu, 8 Hidar. Gondari.

Yeneta, mwalimu wetu, hajaondoka kitandani. Kutwa homa. Miaka yote hii anatufundisha maana za Maandiko, na bado hajamtaja atakayerithi kiti chake. Ni mimi au Tibebu. Mungu apishe mbali, Tibebu! Sauti kama mbuzi aliyenyeshewa.

Bintiye Asnakech kapiga simu kutoka Addis Ababa. Aje ampeleke hospitali? Nikastuka. Akichukuliwa, kiti kinabaki bila mwenyewe. Nikamwambia atulie: asubuhi nimefungua Injili, jicho likatua pale pale pasemapo ugonjwa huu si wa kufa. Imeandikwa! Akanishukuru huku akilia kwa furaha.

Jumatano, 10 Hidar.

Tibebu kapata habari. Kaja juu mbele ya wanafunzi wote. Kaniuliza yale maswali ya Yeneta, tunayoanza nayo kila mstari: nani kasema, kamwambia nani, lini? Eti hayo yalisemwa juu ya mgonjwa wa Bethania, si wa Gondari. "Tena huyo alikufa kwanza, ndugu yangu. Umesahau?" Wanafunzi wakaangua kicheko. Nikajibu kwamba mimi nasoma kilichoandikwa, sifukui makaburi ya watu.

Yeneta kakataa mchuzi wa shiro. Maji kwa kijiko tu. Nilipomgeuza, nilimwona mwepesi mno, nikaumia. Nampenda mzee huyu, Mungu ananijua.

Asnakech kapiga tena. Nimesema anaendelea vizuri. Kesho nitamgusia Yeneta habari ya kiti.

Ijumaa, 12 Hidar. Sikukuu ya Mikaeli.

Yeneta ametutoka. Sina nguvu ya kuandika. Naandika.

Alfajiri alifumbua macho, akatazama mlangoni, akasema: "Ney!" Njoo! Basi, akakata roho. Chumbani nilikuwa peke yangu. Kaniita kitini! Nililia mpaka nikapaliwa, kisha nikatoka kuwatangazia.

Tibebu, macho mekundu, akaniuliza kwa upole kama nimesikia vizuri. Kwa lugha yetu mwanamume huambiwa "na". "Ney" huambiwa mwanamke. Hata mtoto anajua. Jibu likanijia! Katika Ge'ez, lugha ya Maandiko yetu, nafsi huhesabiwa mwanamke. Aliita nafsi yangu! Tibebu akasema juzi nilikuwa mtu wa kilichoandikwa tu, leo nimeanza mafumbo. Kisha akaenda kumpigia Asnakech. Wivu huo.

Jumapili, 14 Hidar.

Asnakech alifika jana. Udongo ulikuwa umeshamfunika baba yake. Alilala juu yake na nguo zake nyeupe, wanawake wakashindwa kumwinua. Nami nililia. Nyumba imekuwa kubwa bila kikohozi cha mzee.

Leo kaja kuniuliza, bila hasira hata kidogo: "Kaka Wubneh, baba aliacha neno?" Nikamwambia neno lilikuwa moja tu, "ney", na alilisema akitazama mlango. Nikaona uso wake umebadilika. Nikawahi kumweleza asikosee: aliyeitwa ni nafsi yangu, nayo ilikuwa inaitiwa kiti. Nikafafanua kwa kirefu, sarufi na yote. Sidhani alinisikiliza. Aliugeukia ule mlango, akajifunika uso kwa shuka, akasema polepole: "Abee, baba. Nimekuja."

Maskini, hakusomea mambo haya. Kesho nitamfafanulia tena.