Maji Imechemsha

Jumatatu, 3 Machi
Mama wa afya ya kaunti amefika Mweiga. Akasimama kwa mkokoteni yangu, akauliza maji natoa wapi. Nikasema mtoni. Akasema sheria ni sheria: maji haijapimwa, hakuna hoteli itanunua kwangu. Hoteli! Mimi niko na moja tu ya maana. Ya Kagure. Bila maji, nitamwona asubuhi na sababu gani? Kuongea siwezi. Mtungi ndio huniongelea.

Jumanne, 4 Machi
Mutahi wa pikapu ya maji ashapimwa. Amebandika karatasi kwa tanki, anapita kwa Kagure akipiga honi. Ati mimi ni Daktari wa Kuhara! Watu wote wamecheka. Kagure hakucheka. Niliona, nilikuwa nachungulia.
Lakini mimi si mjinga. Nimeambiwa nipeleke chupa moja Nyeri ipimwe. Nani alisema isichemshwe? Nimechemsha mpaka mfuniko ikaruka. Wadudu kwisha!

Jumatano, 5 Machi
Nimepeleka. Dada wa kupima akauliza kama hii ni maji ya mto vile iko. Nikaangalia viatu. Nikasema ndio.

Ijumaa, 7 Machi
Simu! Mama wa afya. Akasema, kijana, maji yako imechemsha. Wamejuaje? Nikakubali mara moja: ni ukweli mama, nimechemsha mwenyewe, na kuni ya nyumbani. Akacheka mpaka akakohoa. Kumbe ni ile kuchemsha ya kuanguka mtihani! Chupa ilikuwa ya maziwa, sikuosha vizuri.
Akaacha kucheka. Akauliza kama najua watoto hunywa maji ya jagi pale hotelini. Najua. Lynn wa Kagure hunywa, na bado hajaanza shule. Chakula imenishinda.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeenda mikono mitupu. Nikamwambia Kagure asichukue maji yangu tena, achukue ya Mutahi, Lynn asiugue. Nilikuwa naambia meza. Sijawahi kumwongelesha maneno mingi hivyo.
Akaniambia nikae. Akasema maji ya Lynn yeye huchemsha tangu zamani, kwani nilidhani ananiamini mimi na mto? Akasema Mutahi humwita kila siku, na bado yeye hungoja mkokoteni. Akauliza, Muchangi, unafikiria mimi nimekosa maji? Akaweka chai, akakataa pesa. Akasema kesho baada ya kanisa nikuje nyumbani. Bila mtungi.

Jumapili, 9 Machi
Bila mtungi. Nimewaza usiku mzima. Nikaelewa: mtungi ni chafu!
Nimeazima ndoo mpya ya mfuniko. Nikajaza maji ya Mutahi, ile ya karatasi. Nikachemsha pia. Nikabeba mpaka kwa mlango wa Kagure. Kwa dirisha nikamwona, nguo ya kanisa, nywele amesuka, vikombe viwili mezani.
Anangoja mgeni. Nikaweka ndoo chini pole pole, nikaenda. Si vizuri kusumbua mtu.