Sikio la Fundi Mfaume

Jumatatu, 3 Juni
Mke wangu Mwanahija ameniletea mwanafunzi hapa gereji. Nusaiba, binti wa mdogo wake, ametoka kijijini Njinjo. Miaka kumi na minane. Anataka ufundi wa pikipiki. Nimekubali kwa kuwa sikuulizwa. Mpango wangu: nimfundishe yote isipokuwa kusikiliza injini. Akijua yote atahamia kwa Dominick, fundi wa ng'ambo ya barabara, mwenye bango la taa. Ukweli nauandika humu tu: tangu mwaka jana sikio langu la kulia limekufa, na la kushoto linachagua maneno. Hakuna anayejua.

Jumanne, 4 Juni
Nimeweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, macho nimefumba. Wateja wanaipenda sana hiyo. Sikusikia kitu. Nikasema valvu. Nusaiba akafungua, valvu nzima, plagi ndiyo imechoka. Akamwambia mteja kwamba fundi ameona bora kuanza na plagi. Nikamkemea kwa kutofuata maelekezo.

Alhamisi, 6 Juni
Dominick amekuja kuazima spana. Kumbe anamwinda Nusaiba. Amemwahidi ovaroli mpya na wali kila mchana. Nikampandisha cheo papo hapo: Msaidizi Mkuu. Nimeandika kwa chaki mlangoni. Nusaiba akauliza kama cheo kinakuja na chakula. Nikasema kinakuja na heshima. Akashukuru, akaendelea kuosha kabureta.

Ijumaa, 7 Juni
Asubuhi Nesi Marietha alifuata pikipiki yake, aende vijijini kuchanja watoto. Nilikuwa nimembadilishia beringi ya gurudumu la nyuma. Alipoiwasha na kuizungusha uani, Nusaiba akasema kuna kitu kinagonga. Nikasema beringi mpya huwa hivyo. Akasema tena. Nikamwambia mwenye masikio hapa ni mimi. Nesi akaondoka. Nusaiba alichukua spana, akapanda bodaboda, akatoweka.

Nikajua ameenda kwa Dominick. Nikatunga maneno makali ya kumfukuzia. Nikaenda swala ya Ijumaa. Hotuba sikuisikia, ila hilo halikuwa kwa sababu ya hasira.

Alasiri Nesi akarudi kunishukuru. Binti alimsimamisha kabla ya mteremko, nati ya gurudumu ikiwa imebaki kidogo ichomoke. Alimwambia, "Fundi amekumbuka kitu, kanituma nikimbie."

Nati ile mimi ndiye niliyesahau kuikaza.

Nikamwita Nusaiba, nikamuuliza kwa nini hakusema ukweli. Akasogea kushoto kwangu. Hapo ndipo nikatambua kwamba tangu Jumanne anasimama upande huo huo.

"Babu naye alikuwa hivi, baba mkubwa," akasema. "Watu wakachoka kumsemesha, akabaki peke yake. Sikutaka na wewe wakuache."

Nikalia kidogo. Nikasingizia petroli.

Jumamosi, 8 Juni
Nimemweleza Mwanahija habari za masikio. Amesema anajua tangu Ramadhani ya mwaka jana, na ndiyo maana alimleta Nusaiba. Alhamdulillahi. Kumbe muda wote nilioficha, wenzangu walikuwa wananisitiri. Leo nimemwonyesha binti kila ninachojua, hadi kupanga gia, na bado nikaona ni kidogo kuliko alichonipa. Tumekubaliana: yeye atasikiliza, mimi nitafungua. Jumatatu naenda hospitali kupimwa. Nimemwahidi.

Jumapili, 9 Juni
Dominick amekuja tena, safari hii kwa adabu. Anasema mtaa wetu mzima wa Mtanda unasimulia jinsi nilivyotambua nati imelegea wakati pikipiki imeshafika mbali. Nilifungua mdomo nimwambie ni Nusaiba. Wallahi nilikuwa na nia hiyo. Nikajikuta nimekubali kuwafundisha vijana wake watatu kusikiliza injini. Tunaanza kesho saa mbili asubuhi.

Hospitali itangoja.